Jua la Mzee Shekiondo

"Aliyeona muhali mbele ya ramani asililie jua." Jana mliisikia mkacheka, leo mnaniuliza imetoka wapi. Haichekeshi, wajukuu zangu. Ilizaliwa mtaani kwetu, hapa hapa Tanga, na ilianza hivi.

Nasibu alikuwa na kiwanja upande wa mashariki wa nyumba ya Bi Mwanamkasi. Alikulia mtaani, akaenda kutafuta maisha, akarudi na uwezo, akataka kujenga ghorofa sita za kupangisha. Kwa adabu yake hakuchimba msingi kabla ya kutuita. Tulikula pilau, kisha akatandaza ramani juu ya mkeka.

"Jirani zangu," alisema, "hii ni kalamu ya risasi, inafutika. Lenye kuwakera lisemeni."

Tukaisifu, kila mtu na mashallah yake. Tulipofika majikoni mwetu ndipo midomo ikafunguka: madirisha yatachungulia nyua zetu, ngazi inatazamana na milango ya watu, kimo chenyewe kitatufunika. Tulilisengenya jengo wiki nzima, na hakuna aliyemfuata Nasibu. Sisi muhali ndio ugonjwa wetu. Mtu akitukanyaga, tunamwomba radhi sisi.

Mwenye la kusema hasa alikuwa Bi Mwanamkasi. Mumewe, Mzee Shekiondo, alikuwa amepooza kwa kiharusi. Kila asubuhi mkewe alimtoa uani, akamkalisha juani kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Ndani alikuwa haongei, lakini juani alitabasamu, akamwita mkewe kwa jina la usichana wake. Saa hizo mbili ndizo zilizokuwa zimembakia na mume.

Aliiona ramani, akajua. Lakini Nasibu ndiye aliyembeba mzee mgongoni kumpeleka hospitali siku alipoanguka. Angeanzaje? Alisema, "Jengo zuri, mwanangu."

Ghorofa zikapanda. Ilipofika ya nne, ua ulikuwa kivuli asubuhi nzima, na jua la mchana lilikuwa kali, halimfai mgonjwa. Mzee alitolewa nje kama kawaida, akakaa akitetemeka.

"Mke wangu, leo hakujakucha?"

"Bado," alimjibu.

Alimjibu hivyo siku nyingi. Mwishowe mzee akakataa kutolewa, akawa kimya kitandani, na kipupwe kile kile tukamzika.

Nasibu alikuja kutoa pole. Bi Mwanamkasi alikuwa edani, nyuma ya pazia, nasi wanawake tumemzunguka.

"Mama, nasikia jengo langu lilimnyima mzee jua. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mbona hukuniambia? Nyuma kulikuwa na nafasi. Ningelisogeza."

"Nilikuonea muhali, mwanangu."

Tulimsikia Nasibu akilia mlangoni, mtu mzima yule. Alipoondoka, wanawake tukaanza kulilaani jengo, na mimi nilikuwa wa kwanza, mimi niliyekula pilau ile na kusema mashallah. Mpaka leo naona haya.

Bi Mwanamkasi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Liacheni jengo la watu," alisema. "Tuliulizwa, nasi tulikuwa na midomo. Aliyeona muhali mbele ya ramani asililie jua."