Kokoro Chini ya Mama Mkwe

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, maana kalenda yenyewe ilishafungiwa karanga, samaki walipungua ziwani mpaka paka wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wakazoea ugali mkavu. Serikali ikatangaza: ziwa linafungwa miezi mitatu. Siku ya mwisho samaki watavuliwa kidogo, watapimwa. Wakifikia kipimo, ziwa litafunguliwa. Wakiwa vitoto, tuonane mwakani.

Bwire alikuwa na mtumbwi mmoja na midomo sita ya kulisha. Alikuwa pia na kokoro, ule wavu wa kuburuta uliopigwa marufuku, unaozoa sangara, watoto wa sangara na matope waliyolalia. Msako ulipokaribia, akaushona ndani ya godoro la chumba cha wageni. Akajisemea: wiki moja tu, wakaguzi wakichoka, naingia ghubani.

Wiki haijaisha, akaja mama mkwe wake, Nyabise, na mgongo wake unaouma. Akapewa chumba cha wageni. Na kwao mwanamume hakanyagi chumba alalamo mkwe, wala hagusi kitanda chake. Hata nyumba ikiungua, ataita majirani.

Kila asubuhi Bwire alisimama uani, uso kaelekeza bandani kwa kuku.

"Shikamoo, mama. Mgongo?"

"Marahaba, baba. Nafuu, ila si wa kusafiri."

Mwezi ukapita. "Mgongo, mama?"

"Si wa kusafiri, baba."

Wa pili ukapita. Si wa kusafiri. Bwire akamwendea mkewe, Nyangeta.

"Mama watoto, lile godoro lingeanikwa juani."

"Mama kalizoea."

"Lina kunguni."

"Nao wamemzoea."

Siku ya kupima ikafika. Bwire alisimama mbele ya wenzake, maana ziwa likifungwa mpaka mwakani angeuza mtumbwi. Bwana Samaki, afisa wa uvuvi aliyeitwa Lutufyo, akaweka rula. Sangara wa kwanza akaipita. Wa pili akaipita. Wa kumi mkia ulining'inia nje ya meza. Ziwa likafunguliwa, na watu wazima wakakumbatiana na magamba yao.

"Kuna zawadi ya mashine moja ya boti," Lutufyo akasema, "ya aliyeiokoa ghuba hii."

Hapo Nyabise akatokea, anaburuta godoro, mgongo umenyooka kama mlingoti. Akalichana. Kokoro likamwagika. Bwire akatamani ardhi impokee.

"Leo ni siku ya kusalimisha nyavu haramu," Lutufyo akasema. "Mwenye wavu akiuchoma mwenyewe, hana kesi."

Bwire akashusha pumzi ya miezi mitatu, akaubeba wavu, akautia moto. Kisha maneno yakaanza.

Nyabise akasema, "Mgongo ulipona wiki ya pili. Nilipohisi maboya mbavuni nikajua nimelalia nini, nikaendelea kulala. Mashine ni yangu, hata nikiifunga kitandani."

Nyangeta akasema, "Mama alikuja kwa sababu nilimwita. Nilimwona mume wangu akishona, naye hajawahi kushona hata kifungo. Kumshtaki sikuweza, kumwachia sikutaka. Nikaleta mzigo asioweza kuugusa."

Lutufyo akasema, "Huo ni wavu mmoja. Nyumba nyingine arobaini je, nazo zilikuwa na mama wakwe? Mimi nilizunguka ghuba kila siku, sijui kuogelea, natapika toka hapa mpaka ng'ambo. Wengine waliogopa boti yangu, si godoro."

Bwire naye, mtu aliyechomoka kesini sasa hivi, akakohoa. "Samahanini. Mlango ule haukuwa na komeo. Mkwe asiye na adabu angeingia, angetoa wavu, na leo mngepima vitoto. Nimelisha wanangu maharage miezi mitatu kwa kulinda heshima ya mama. Bila adabu yangu, huyo mama angelalia sakafu."

Wakabishana mpaka sangara wa kipimo wakaliwa, na mashine bado imekaa juu ya meza.

Haya, mliokaa mnanicheka, mmeyasikia yote manne. Mimi nimeshindwa kuamua. Je, mashine ile alistahili nani?