Mmea Unaofumba Usiku

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mlima wenye barafu kichwani na migomba miguuni.

Kwap.

Sauti moja tu, usiku, huko juu kwenye baridi. Watu wa migombani wakaisikia. Walijua mmea wa zimwi la huko juu umefumba. Mmea huo ni mrefu kuliko mtu, mnene kama nguzo, na kila jua likizama hukunja majani yake kama ngumi ili maji yaliyo ndani yasigande.

Usiku huo mmea ulimfumba mtu ndani yake.

Ilikuwa hivi. Mzee Kirita alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Ndeshi, hakujaliwa mtoto. Mdogo alizaa mtoto wa kiume. Tangu mdogo aolewe, Ndeshi hakulitamka jina lake hata mara moja. Alisema "yule" tu. Chakula cha yule. Kuni za yule. Mtoto wa yule.

Siku moja Ndeshi akapanda kwa zimwi.

"Mwondoe yule, mtoto abaki kwangu."

"Anaitwa nani?"

"Silitamki."

Zimwi likacheka, meno yakagongana. "Vizuri, bibi. Anayenyimwa jina nyumbani kwake ndiye chakula changu. Mtume jioni aje kukata majani ya ng'ombe. Mmea utamfumba, na jua likitoka nitamla."

Basi mke mdogo akatumwa, na mmea ukasema kwap.

Ndeshi akampakata mtoto, moyo umejaa furaha. Akampa maziwa ya ng'ombe, mtoto akageuza uso. Akampa uji wa ndizi, mtoto akageuza uso. Akampa titi lake mwenyewe lisilo na kitu. Mtoto akavuta mara moja, akamtazama, akageuza uso.

"Nimekupata, na bado unamtaka yule?"

Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Alipoacha kulia, Ndeshi akaogopa kwamba atakufa. Basi akamfunga mgongoni, akapanda mlima mbio.

Zimwi lilikuwa limekaa kando ya mmea, likinoa meno kwa jiwe.

"Umekuja kumtoa? Mdomo wako ndio uliomfunga, bibi, na mdomo wako haujui kumwita."

"Wewe," Ndeshi akaita. Jani halikutikisika.

"Mke mwenzangu," akaita. Jani halikutikisika.

"Mama wa mtoto," akaita. Jani moja likatetemeka, likatulia. Zimwi likajilamba. Jua likagusa barafu.

Wanangu, hadithi yangu naiacha hapo juu mlimani, na funzo lake ni hili: msimwonee mtu wivu mpaka mkashindwa kumwita kwa jina lake. Maana majani yalifunguka moja moja, zimwi likaondoka na njaa yake, na mtoto akanyonya palepale kwenye umande, pale Ndeshi alipoumeza wivu wake, akaegemeza shavu kwenye lile jani baridi na kusema:

"Toka, mwanao ana njaa, Mkunde."