Wasikilizaji Watatu na Sauti ya Marselina

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya majuzi ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota ndevu, jimbo la Sumbuli liliwekewa mtandao mpya wa redio koli. Mtandao mmoja kwa jimbo zima. Zimamoto humo, polisi humo, magari ya wagonjwa humo, hadi yale magari ya kumwagia maji barabara za vumbi.

Mtandao ule ulikuwa na tabia zake. Kabla yake kila idara ilikuwa na njia yake, ukifungua redio kwenye njia ya zimamoto unawasikia zimamoto mpaka uchoke. Huu mpya ulikuwa kama kibanda cha kinyozi: viti vitano, wateja hamsini, kila anayeingia anakaa kiti kilicho wazi. Askari akiuliza swali linapita njia ya tatu, jibu lake linapita njia ya kwanza. Mtambo ndio unaogawa. Mwenye redio ya kawaida angesikia nusu ya moto na nusu ya mwizi, akadhani anayezimwa ni mwizi.

Sasa, Sumbuli kulikuwa na watu watatu waliokuwa wagonjwa wa kuusikiliza mtandao huo, kwa redio maalumu zinazofuata njia zote. Serikali ya jimbo iliruhusu: sikiliza utakavyo, ila usitangaze ulichosikia, na usithubutu kubonyeza ukasema neno. Hawakulipwa hata thumni. Wenzao wakienda mpirani, wao wanakwenda kwenye redio. Wewe unayecheka huko nyuma, mbona wewe unafuga njiwa na hatusemi?

Wa kwanza ni Fundi Lugendo, fundi redio. Kila redio ya jimbo ilikuwa na namba yake, na namba hiyo ilitokea kwenye kioo cha redio ya Lugendo kila mtu alipoongea. Lugendo aliziandika daftarini kwa miaka minane. Namba hii ni gari la pili la zimamoto. Namba hii ni askari wa sokoni. Namba hii ni yule bwana anayemwagilia maua ya mkuu wa jimbo. Ni yeye pia aliyeweka sheria ya kikundi chao: "Tunasikiliza, haturekodi. Yanayopita humu ni misiba ya watu, na msiba wa mtu hauwekwi kabatini."

Wa pili ni Bi Thekla, mjane, mfuga kuku. Redio yake ilining'inia bandani kwenye msumari, na kuku wake walitaga wakiujua ulinzi na usalama wa jimbo kuliko madiwani. Bi Thekla alikuwa na siri, tutaifikia.

Wa tatu ni Masalu, kinyozi. Huyu alijaliwa sikio. Sauti akiisikia mara moja haimpotei tena. Mteja akikohoa tu nje ya mlango, Masalu keshamtaja jina.

Na sauti waliyoipenda wote watatu ilikuwa moja, ya Marselina. Marselina alikaa kwenye dawati la kituo kikuu, akipokea simu za dharura na kuyaelekeza magari, kwa miaka ishirini na saba. Gari likiita, anajibu, "Nimekupata, endelea." Basi. Lakini ilivyosemwa! Madereva wa zimamoto walikuwa wakisema moto wenyewe hupungua kidogo akishajibu yeye.

Asubuhi moja gari liliita, akajibu mtu mwingine. Siku ya pili, mtu mwingine. Wiki nzima. Wasikilizaji wetu wakaanza kula bila hamu. Siku ya nane dereva wa zimamoto alikuja kwa Masalu kunyoa ndevu, akasema, "Hujasikia? Marselina kafanyiwa upasuaji wa koo. Yeye mzima, ila sauti imeondoka na haitarudi. Na balaa lenyewe si hilo. Balaa ni mama yake."

Mama yake, Bibi Veneranda, alikuwa haoni kabisa. Akishikwa mkono alimjua mwanawe vizuri. Lakini mtu haishi akiwa ameshikwa mkono. Akiwa kitandani na Marselina yuko jikoni, bibi huita, "Marselina, upo?" Kimya. Huita tena. Kimya. Marselina alipiga makofi. Bibi akasema nyumba imeingiwa na wageni. Marselina akanunua kengele, bibi akasema, "Kengele ni ya mbuzi. Mimi sikuzaa mbuzi." Kisha akaacha kuita. Alipoacha kuita akaacha na kula. Anapelekewa uji mdomoni, anageukia ukutani.

Masalu aliwapelekea wenzake habari ile. Walikaa kwenye banda la Bi Thekla. Ndipo Bi Thekla alipoinuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, kadi ndogo za kumbukumbu, zimejaa pomoni.

"Miaka sita," akasema. "Nimerekodi kila kitu. Nilipofiwa na mume wangu nyumba ilikuwa kimya mno, nikataka iwepo sauti ya kunijibu. Nichapeni mkitaka. Ila Marselina yumo humu."

Lugendo alisimama kwa hasira. "Sheria ni moja tu tuliyonayo, Thekla. Moja! Humo kuna watu waliokuwa wanaungua."

"Na yupo mwanamke anayekufa njaa," Bi Thekla akajibu.

Lugendo akaondoka. Na bila Lugendo kadi zile zilikuwa takataka. Mashine ya kurekodia ya Bi Thekla iliandika namba tu: sauti laki na ushei, kila moja na namba ya redio iliyoongea, na tafsiri ya namba iko kwenye daftari la Lugendo. Siku tisa daftari halikutoka nyumbani kwake. Siku tisa bibi anageukia ukutani. Siku ya kumi Lugendo alikuja mwenyewe na daftari kwapani, hakusalimia mtu, akasema, "Redio za dawati ni hizi nne. Chukueni."

Kwa namba zile nne walizichambua sauti za dawati, wakaacha mengine yote. Lakini kwenye dawati walikaa wanawake watatu kwa zamu. Hapo Masalu alifunga kibanda. Siku ishirini na mbili wanaume wa Sumbuli walitembea na nywele kama vichaka, na yeye yuko ndani anasikiliza: huyu siye, huyu siye, huyu ndiye. Aliapa mbele ya Lugendo kwamba hatachukua neno lililosemwa kwenye msiba wa mtu. Atachukua kwenye salamu na mazungumzo ya kawaida tu. Akapata "Nimekupata." Akapata "Endelea." Akapata "Subiri," na "Ndiyo," na "Hapana," na "Asante."

Neno moja lilimtesa. Mama akiita "Upo?" mtoto anajibu nini? Na kwenye salamu zote za miaka sita Marselina hakuwahi kusema "Nipo." Alilisema mara moja tu. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama kwenye mto uliofurika, muuguzi ndani maji yanampanda kifuani, anaita redioni akilia, na Marselina akamwambia, "Nipo. Siendi popote." Muuguzi yule aliokolewa, leo ana duka la mchele. Masalu alijua kiapo chake. Alilikata neno lile akalichukua, hakumuuliza muuguzi wala hakuwaambia wenzake.

Lugendo akaunga kisanduku cha vibonye saba, kila kibonye na neno lake. Wakampelekea Marselina. Akakipokea mlangoni, akakisikiliza mara moja, akakaa chini palepale kizingitini.

Kisha bibi alikohoa chumbani. Marselina akaenda akasimama mlangoni, mbali na kitanda, asimguse. Akabonyeza.

"Nipo."

Bibi akageuza uso kutoka ukutani. Wale watatu wakasikiliza kutoka sebuleni.

"Marselina?"

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Ndiyo."

"Muongo wewe. Nakujua. Umekula?"

Marselina akafuta machozi kwa kiganja. "Hapana."

"Haya, leta huo uji tunywe wote. Unanikondea bure."

Bibi akanywa bakuli mbili. Mimi nimesimuliwa na Bi Thekla mwenyewe, na akifika hapo kila mara analia na kucheka kwa pamoja, nami namwacha.

Habari haikufichika. Mkuu wa kituo aliwaita wote watatu, wakaenda wakiwa wamevaa nguo za kulalia mahabusu. Mkuu akalichukua kopo la kadi, akawakaripia nusu saa nzima, hasa Bi Thekla. Alipomaliza kukaripia alikaa akasema, "Ijumaa tunamuaga Marselina."

Kule Sumbuli kuna desturi. Mtu wa redio akistaafu, dawati humwita kwa jina mara tatu kwenye njia zote za jimbo. Magari yote hunyamaza. Naye hujibu kwa maneno yaleyale ya siku zote: "Nimekupata. Kazi yangu imekwisha, njia ni zenu." Akiitwa Marselina, asipojibu mtu, jimbo zima linabaki limenyamaza. Kwa hiyo lazima awepo wa kumjibia.

"Mmoja wenu," akasema mkuu. "Mmoja tu, maana nafasi ni dakika moja. Marselina atachagua."

Mnaelewa maana yake? Watu hawa wamesikiliza miaka na miaka na hawajawahi kubonyeza hata mara moja. Mtazamaji wa mpira, ni lini hupewa kupiga penalti uwanjani?

Najua mnachotaka kusema. Si abonyeze kisanduku mwenyewe, "Nimekupata," mambo yakaisha! Waliuliza hivyo hivyo. Marselina akaandika kwenye karatasi: "Ile sauti sasa ni ya mama."

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, zamu zinabadilishana. Kipaza sauti kiko mezani, na wale watatu mbele yake.

Lugendo akasema, "Ni mimi. Bila daftari langu mngekuwa mnatafuta sindano kwenye mchanga. Miaka minane nimeandika, na kisanduku nimekiunga kwa mikono hii. Na kati yetu ni mimi peke yangu niliyeichunga heshima ya watu wa jimbo hili. Siku tisa nilichelewa, nakiri. Lakini nilikuwa naiheshimu misiba ya watu."

Bi Thekla akasema, "Ni mimi. Daftari la namba lingemjibu bibi? Sikio lingesikiliza nini? Kama ningeitii sheria yako, Lugendo, leo tungekuwa matangani. Nimekosa, na kopo langu limechukuliwa, na nyumba yangu imerudi kuwa kimya. Nani mwingine hapa ametoa alichokipenda?"

Masalu akasema, "Ni mimi. Ninyi mlikuwa na namba na kelele. Mimi ndiye niliyemtoa Marselina humo, neno kwa neno, na familia yangu ililala kwa chai tupu siku ishirini na mbili." Akamgeukia Lugendo. "Na niseme leo, maana hapa si mahali pa uongo. Ile 'Nipo' niliitoa kwenye mto. Nimevunja kiapo."

Lugendo akageuka kumtazama. Bi Thekla naye akageuka. Marselina aliinamisha uso. Alikuwa ameshaijua ile "Nipo" tangu siku ile kizingitini, kwani ni nani asiyeikumbuka sauti yake ya siku kama ile? Akamshika Masalu bega, akamshika Bi Thekla mkono, akamtengenezea Lugendo kola ya shati. Kila mmoja akadhani ni yeye.

Dawati likaita: "Marselina." Likaita mara ya pili: "Marselina." Milimani na mabondeni magari yote ya jimbo yamezimwa injini, watu wamekaa na redio mapajani. Nyumbani, Bibi Veneranda kawekewa redio karibu na sikio, anangoja amsikie atakayemsemea mwanawe. Likaita mara ya tatu. Marselina akakichukua kipaza sauti, akanyoosha mkono.

Aliyeandika namba, na daftari akalifungia siku tisa? Aliyevunja sheria ya wote, akaokoa na kupoteza? Au aliyeivua sauti kwenye kelele, na neno lenyewe akalichukua kwenye kilio cha mtu?

Magari yanangoja. Bibi anangoja. Haya, ninyi mliosikiliza tangu mwanzo na hamjasema neno: je, ni nani aliyestahili kupewa kipaza sauti kile?