Machela Isiyochakaa

Wapendwa, juu milimani, mahali ambapo hata pikipiki huomba kusukumwa, palikuwa na kijiji chenye machela moja ya mianzi. Mtu akiugua, wanaume walimbeba kwa zamu mpaka zahanati ya bondeni. Sheria yao ilikuwa fupi: aliyebeba wenzake, naye atabebwa.

Machela hiyo ilikuwa na mlinzi. Na mlinzi huyo aliipenda! Aliipaka mafuta, akaifunika kitenge, akaifungia chumbani mwake. Wageni wakija aliwaonyesha kwa fahari: "Tazameni, haina hata doa." Ingepataje doa? Kila aliyekuja kuiomba alirudi mikono mitupu.

Siku moja mchana akaja mama mmoja, anahema.

"Baba, mume wangu tumbo linamsokota tangu asubuhi. Hata kukaa hawezi."

"Pole sana, mama. Alishawahi kubeba?"

"Si ndiye aliyembeba mama yako mzazi!"

Mlinzi akakuna kidevu. "Alishika mpini wa mbele au wa nyuma?"

"Wa nyuma."

"Ahaa. Wa nyuma si kubeba, mama. Huko ni kusindikiza."

Mnacheka? Mama yule hakucheka. Alirudi akilia njia nzima, na kila mlango aliopita ulitoa mtu mwenye mwiko au jembe. Kumbe kila nyumba ilikuwa na yake moyoni. Huyu baba yake alinyimwa kwa kuwa mzito mno. Yule shangazi yake alinyimwa kwa kuwa mwepesi, basi atembee.

Mlinzi aliposikia kelele za watu wakija kwake alitoka kwa mlango wa nyuma wa chumba chake, mbio, akauacha wazi, akatumbukia katika shimo lake mwenyewe la kuivishia ndizi. Mguu ukateguka. Alipotazama juu, aliona duara la nyuso.

"Ndugu zangu, nileteeni machela!"

Wee! Watu wakashika mbavu.

"Kwani wewe ulishambeba nani?"

"Alibeba ufunguo!"

"Na shimo ni lake. Aliyeanguka kwake hajaanguka, amefika nyumbani!"

Kila mmoja akataka kutoa sababu yake, na sababu zikawa tamu kuliko zile ndizi. Mlinzi alizisikiliza, ndizi zimempondekea mashavuni, akazitambua zote. Zilikuwa zake. Jua likasogea, na vicheko vikazidi.

Ndipo yule mama akapenya katikati yao.

"Mmemaliza?" akauliza. "Mlango uko wazi tangu mchana. Machela ile pale. Nani amembeba mume wangu?"

Ikawa vurugu ya miguu, kila mtu akiikimbilia machela. Mlinzi akatambaa kutoka shimoni, akawafuata akichechemea, akaomba mpini. Wakampa wa nyuma. Mgonjwa alifika zahanati akiwa hai, tena akinung'unika kwamba machela gani hii, upande mmoja inachechemea.

Wapendwa, mlinzi tumeshamjua. Bima ya afya tuliichangia ili tubebwe, si ili tuulizwe mpini. Anayekaa kwenye dirisha la bima kazi yake ikawa kutafuta njia ya kusema hapana, ajue kwamba Mungu naye ana dirisha lake. Lakini je, sisi? Kadi ya bima ya jirani ikikataliwa, simu zetu zinawaka moto kutwa: laana, matusi, vichekesho. Hasira hiyo ina haki yake, sikatai. Ila jirani bado amelala kwenye benchi la hospitali, mkono tumboni. Nani kati yetu ameinuka akaenda kusimama naye pale dirishani? Nani amempelekea hata uji?

Au na sisi bado tumezunguka shimo, tunachekeshana?

Tukasirike, ndiyo. Lakini tukasirike tukiwa tumeshika mpini.