Hesabu ya Tumpe Kwenye Kilima cha Pili

Katika mji mmoja palikuwa na bustani ya michezo yenye rola kosta, ile treni ndogo inayopita juu ya vilima vya chuma. Haina injini. Mnyororo huivuta hadi kilima cha kwanza na kuiachia, kisha kasi ya mteremko huo ndiyo inayoipeleka mpaka mwisho wa safari. Ndiyo maana kila kilima ni kifupi kuliko kilichotangulia.

Msimamizi wa treni hiyo alipostaafu, wahudumu wawili waligombea nafasi: Majura na Tumpe. Mwenye bustani, Bwana Shekalaghe, akawaita asubuhi moja kabla ya kufungua geti.

"Wateja wakimwona msimamizi anatetemeka, hawapandi," alisema. "Mtapanda mara tano mfululizo. Atakayeshuka ametulia, ufunguo wa msimamizi ni wake."

Tumpe alikuwa na miaka mitatu pale, na hakuna siku aliyopanda bila kuogopa. Lakini nafasi ile aliitaka, maana hakuna aliyeijua treni hiyo kama yeye.

Wakakaa viti vya mbele. Nyuma yao yalifungwa madumu kumi na manane ya maji, kama ilivyokuwa desturi ya kila asubuhi, ili treni iwe na uzito wa watu.

Kileleni, treni ilipoinama, tumbo la Tumpe likabaki juu. Bondeni mwili ukawa mzito kana kwamba amepakatishwa mtu mwingine wa kimo chake. Mashavu yakavutwa chini na kidevu kikagoma kuinuka. Kwenye kilima cha pili mapaja yakaachana na kiti, akashikiliwa na mkanda tu. Alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza.

"Unasali, dada?" Majura alicheka. "Bado mara nne."

Baada ya mara ya tano, Majura aliruka chini akipiga mluzi. Tumpe alishuka ameshikilia nguzo, akaenda kutapika pembeni.

Bwana Shekalaghe akampa Majura ufunguo. Getini, wanafunzi wa shule moja ya msingi walishapanga foleni.

"Bosi, wasipande," Tumpe alisema, akijifuta mdomo.

"Umeshindwa, dada. Kubali yaishe," Majura akamwambia.

"Kutoka kilele cha kwanza hadi cha pili huwa nahesabu tisa. Miaka yote mitatu ni tisa. Leo mara ya nne nimefika kumi. Mara ya tano, kumi na moja, na sikunyanyuka kitini. Kuna kitu kinaishika."

Bwana Shekalaghe akamtazama. "Nani anahesabu akiwa mle?"

"Mimi. Nahesabu ili iishe."

"Si woga huo?" Majura aliuliza.

"Ni woga," Tumpe akakubali. "Ipelekeni na madumu peke yake, mara moja tu. Ikifika, naacha kazi leo hii."

Bwana Shekalaghe akaangalia foleni, akaangalia saa, kisha akaagiza madumu mawili yaongezwe kwenye viti vya mbele.

Treni ikavutwa, ikateremka, ikapita kilima cha pili taratibu. Kilima cha tatu ikakipanda hadi karibu na kilele, ikasita, ikarudi kinyumenyume. Ikawa inakwenda mbele na nyuma bondeni, kila mara umbali ukipungua, mpaka ikatulia. Madumu ishirini yakabaki yamefungwa mikanda, hakuna aliyeyacheka.

Fundi aliyekwenda kukagua alikuta gurudumu moja halizunguki, na lilikuwa la moto kiasi cha kutoshikika. Wanafunzi wakapelekwa kwenye bembea.

Bwana Shekalaghe akamgeukia Majura. Majura akautazama ufunguo, akampelekea Tumpe. Mkono wa Tumpe ulikuwa bado unatetemeka, ufunguo ukaanguka. Majura akauokota, akamwekea kiganjani.

"Ile hesabu," aliuliza kwa sauti ya chini, "unaianzia wapi hasa?"

"Tumbo linapobaki," Tumpe akajibu.

Funzo: Anayeogopa huenda ndiye anayeangalia kwa makini kuliko sote. Akikuambia kuna kitu hakiko sawa, kagua kwanza, umcheke baadaye. Mtumie hadithi hii kila mwenye ufunguo mkononi.