Kijiti cha Mghendi Chini ya Jiwe

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa njia, njia ikapanda kilima, na kilimani pakawa na jiwe. Mlioshiba itikieni, na wenye njaa itikieni vilevile, chungu hakijaiva bado.

— Pakawa!

Basi tulieni. Wewe uliyeegemea mlango, sogea, unatuzibia upepo.

Zamani hizo, hata bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na jiwe kubwa juu ya njia ya misafara, limeinama. Nasema limeinama! Ukilitazama unasema, leo linaanguka. Kesho unalikuta palepale. Watu wakaliita Jiwe la Mwinamo, na hakuna msafiri aliyepita asisimame kulishangaa. Wa pwani wanasimama, wa bara wanasimama, na punda wao wanasimama.

Desturi ya pale ilikuwa hii. Ukienda safari, unakata kijiti, unakitia alama yako kwa kisu, unakiegemeza chini ya jiwe na kusema, "Jiwe, nakushikilia, nawe nishikilie." Ukirudi salama unakichomoa, unaenda zako nyumbani. Na kikianguka chenyewe kabla hujarudi? Hapo ndugu zako wananyoa vichwa, wanakaa matanga, na mkeo yuko huru kuolewa. Lakini maadamu kijiti kimesimama, mke hana ruhusa. Atangoja. Mwaka atangoja, miaka atangoja.

Je, vijiti vile ndivyo vilivyozuia jiwe? Msiniulize mimi. Tajiri mmoja wa pwani aliegemeza gogo zima, eti dhambi zake ni nyingi.

Chini kidogo ya jiwe palikuwa na nyumba ya wanawake wawili. Mmoja Mghoi, bibi wa macho hafifu, mlinzi wa jiwe. Yeye ndiye aliyefagia pale, akawaeleza wageni desturi, akawapa maji. Wa pili Wakesho, mkaza mwanawe. Mghendi, mume wa Wakesho na mtoto wa pekee wa yule bibi, alifuata msafara wa pwani hata mwaka wa ndoa haujatimia. Kijiti chake kilikuwa cha mkwaju, na alama yake chale tatu.

Kila asubuhi Mghoi alitoka na mkongojo wake, akapapasa kijiti kimoja kimoja mpaka vidole vikazigusa zile chale tatu. "Kipo," anasema. Ndipo anakubali kunywa uji. Asipokigusa, hali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mavuno ya kwanza yakapita. Mghendi kimya.

Alfajiri moja Wakesho alikuwa anakwenda kuchota maji, akapitia jiweni. Lo! Kijiti cha mumewe kimelala chini, mchwa wamekila, limebaki ganda. Akaketi palepale akalia, kwa maana alimpenda Mghendi, alimpenda kweli. Mara akasikia mkongojo: ko, ko, ko. Mama anakuja. Jamani, ninyi mngefanya nini? Wakesho akakata tawi la mkwaju, akapiga chale tatu, akalisimamisha.

Bibi akapapasa. Akakawia kidogo.

"Kipo, mwanangu?"

"Kipo, mama."

"Haya, twende tukanywe uji."

Mavuno ya pili yakapita. Mghendi kimya. Mchwa wakala tena, kijiti kikaanguka tena. Ko, ko, ko. Wakesho akakata, akapiga chale tatu, akasimamisha.

"Kipo, mwanangu?"

"Kipo, mama."

"Haya, twende tukanywe uji."

Sasa, palikuwa na mrina asali, jina lake Maghanga, aliyepita njia ile na mizinga yake. Mtu wa maneno machache. Akifika, anamwachia bibi kibuyu cha asali, anaziba paa linalovuja, anakunywa maji, anaondoka. Wakesho hakumgusa hata kidole. Lakini macho hayana pazia, naye Wakesho alikuwa na macho pia. Alianza kusikiliza njia, siku ambazo mrina asali hakuja.

Mwaka wa tatu Maghanga akasema, "Wakesho, nyuki wamehamia upande wa pili wa mlima, nami nawafuata. Naondoka kesho kutwa. Nakuuliza mara moja tu. Kijiti kinasemaje?"

"Kimesimama," akasema Wakesho, anatazama chini.

"Basi sina haki ya kukuuliza lingine."

Heshima hiyo! Siku hizi iko wapi? Haya, tuyaache.

Ikafika hiyo kesho kutwa. Alfajiri Wakesho akapita jiweni, kijiti kiko chini. Mchwa, ndugu zangu, hawajui kupumzika.

Hapa nisikilizeni vizuri. Akikiacha kilale, yuko huru. Maghanga ndiyo kwanza anateremka bondeni, ukimwita anasikia. Lakini mama hatakunywa uji leo, wala kesho, na bibi wa umri ule hana siku nyingi za kushinda na njaa. Wakesho akasema, "Nakiacha." Akasema, "Sikiachi." Akasema, "Nakiacha!" Ko, ko, ko. Mkono ukashika kisu wenyewe. Akakata, akapiga chale tatu, akasimamisha, machozi yanamtiririka.

Siku hiyo palikuwa na wasafiri, wametoka bara na vibuyu vya samli, wamekodoa macho kwenye jiwe. Bibi akapita katikati yao, akapapasa, akafika kwenye chale tatu.

"Kipo, mwanangu?"

"Kipo, mama."

Bibi akakishika. Akakichomoa!

Wasafiri wakaruka nyuma, mmoja akamwaga samli yote, wanangoja jiwe liwaangukie. Jiwe halikutikisika.

"Mama! Umefanya nini?"

"Hiki si cha mwanangu," akasema bibi. "Cha mwaka jana hakikuwa chake, wala cha mwaka juzi. Mghendi alikuwa mashoto, Wakesho. Chale zake zililala upande huu. Zako zimelala upande ule. Macho yangu yamechoka, vidole bado."

Wakesho akashika kinywa. Mashoto! Mkono ule wa kushoto ndio uliomvisha ushanga siku ya ndoa, naye amepiga chale miaka mitatu bila kuukumbuka. Jambo hilo likamuuma kuliko kijiti kuanguka.

"Nimemsahau, mama," akalia. "Nimemsahau mume wangu."

"Hukumsahau. Ulikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nakuja."

"Na kama ulijua, mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

"Nilidhani wewe ndiye unayetaka kungoja. Nikasema, mtoto wa watu ameshika tumaini lake, mimi nani nimnyang'anye? Nikanywa uji ili wewe utulie. Kumbe nawe unapika ili mimi ninywe!"

"Na leo je?"

"Leo umesema 'kipo' huku unalia. Nimekusikia."

Wakakumbatiana pale chini ya jiwe, wakalia kilio walichofichana miaka mitatu. Wasafiri nao wakalia. Yule aliyemwaga samli alilia zaidi, sijui alimlilia nani.

Wakanyoa vichwa, wakakaa matanga. Wasafiri wakateremka na habari, Maghanga akaipata bondeni, akageuza njia. Alikuja akakaa matanga pamoja nao, akapasua kuni, akachota maji, na la ndoa hakulitamka. Hata siku za kilio zilipokwisha, ndipo akauliza.

Wakesho akajibu, "Moyo wangu unataka, Maghanga. Lakini siwezi. Nani atampikia mama? Nani atamshika mkono njiani? Nenda salama."

Akarudi nyumbani anajifuta macho asije bibi akajua. Akamkuta Mghoi mlangoni, ameketi juu ya mzigo uliofungwa kamba, amejifunga kitambaa kipya kichwani.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kwani nyumba ya huyo mrina asali haina jiko?"

"Mama, na jiwe je? Nani atalilinda?"

"Limesimama bila kijiti chetu, litasimama bila ufagio wetu."

"Lakini, mama, wapi imeonekana mavyaa kumfuata mkaza mwana kwa mume mwingine?"

"Mavyaa?" Bibi akacheka. "Umavyaa ulikwenda na Mghendi. Mimi nilizaa mtoto mmoja, Mungu kamchukua. Umenilisha miaka mitatu kwa uongo wa mapenzi. Sasa kama wewe si mwanangu, niambie wewe ni nani."

Wakesho akamkaribia. Akapiga magoti, akamwekea kichwa mapajani, akalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine.

Basi Maghanga akaitwa arudi, wakashuka mlima siku ileile. Wakesho mbele na mzigo, Maghanga nyuma, amembeba bibi mgongoni. Njia ina mawe, Maghanga anarukaruka. Na yule bibi, ambaye hakuwahi kuwa na binti wa kuoza, alikuwa anampigapiga begani akisema, "Taratibu, mkwe wangu! Taratibu! Mimi si mzinga!"

Ngano yangu imefika kwao, imenawa miguu, imelala. Iliyemgusa aichukue akamsimulie mamaye. Isiyemgusa aniachie, nitamsimulia wangu.