Katibu Pimbi na Beki Ghali wa Ng'ambo

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, siku zile mbuni alipokuwa bado anajaribu kuruka kila Ijumaa asubuhi na kuanguka kila Ijumaa mchana, palikuwa na timu ya mpira iliyoitwa Mikwajuni. Wanyama wa bonde lile waliishi kama watu. Walioa, walifagia nyua zao, waligombana juu ya mipaka ya mashamba, na kila alasiri walikwenda uwanjani.

Mwenyekiti wa timu alikuwa Mzee Kiboko, mwenye sauti nene na kitambi cha heshima. Msaidizi wake, aliyecheza pia katika timu, alikuwa Bwana Nyati, aliyekubali kila neno kabla halijamalizika. Katibu alikuwa Bwana Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, mkaazi wa majabalini, ambaye kimo chake hakikufika goti la mjumbe yeyote. Lakini ndiye peke yake aliyejua kusoma, kuandika, na kukumbuka jambo fulani lilitokea lini.

Basi Jumanne, tarehe tisa Mfungo Tano, mwaka wa pili baada ya Mwaka wa Nzige, kamati ilikaa kikao cha dharura. Kunguru, dalali wa wachezaji, alikuwa ametua kutoka ng'ambo ya mto, na kifua amekitunisha.

"Kwaa! Waheshimiwa, Kifaru anapatikana!"

"Kifaru yupi?" aliuliza Nyati.

"Ati Kifaru yupi! Beki wa kati wa Ng'ambo! Ukuta wenyewe! Misimu minne hajapitwa na kiumbe!"

Kiboko alifumba macho kama aliyeonjeshwa asali. "Misimu minne! Nyati, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee, na nimekubali."

"Sijauliza kitu bado."

"Nimekubali tu, Mzee."

Pimbi alichovya kalamu katika wino. "Na Ng'ambo wanataka nini?"

"Kitu kidogo, Bwana Katibu," alisema Kunguru. "Tutabadilishana. Ninyi mnatoa Nguchiro, Digidigi na Kanga, wao wanamtoa Kifaru. Wadogo watatu kwa mkubwa mmoja. Ukiwaweka wote mizanini hawafiki uzito wa sikio lake!"

Kalamu ya Pimbi ilisimama. "Mzee Mwenyekiti, hao watatu ndio safu yetu nzima ya ulinzi. Tangu tarehe ishirini na moja Mfungo Mosi tumefungwa mabao mawili tu, na moja tulijifunga wenyewe. Uniwie radhi, Bwana Nyati."

"Jua lilinipiga machoni," alinung'unika Nyati.

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Katibu!" Kiboko alipiga meza, pu! "Unatuchosha kwa tarehe zako. Mashabiki wa Ng'ambo wanatucheka, wanasema ngome yetu ni ya vifaranga. Mimi nataka beki anayeonekana. Ukiwa kule kilimani, umwone!"

"Mzee, hata kichuguu kinaonekana ukiwa kilimani, lakini hakikabi mtu."

Kunguru aliangua kicheko. "Kwaa-kwaa-kwaa! Msikilizeni! Mwenye kimo cha kokwa la embe ameona nini duniani zaidi ya magoti ya wenzake? Hata mkia wa kufukuzia nzi hana!"

Wakacheka wote mpaka meza ikatikisika na wino ukamwagika juu ya muhtasari. Pimbi akaufuta kwa ncha ya kanzu yake. Muhtasari ule alikuwa ameuandika kwa mwandiko wa kulaza, na hakuna aliyeuthamini.

Kiboko akatoa uamuzi. Ijumaa tarehe kumi na mbili Kifaru atakuja kwa majaribio. Akifaulu, mapatano yatatiwa alama za kwato siku hiyo hiyo, na wale watatu watavuka mto kabla ya magharibi.

Pimbi alipokuwa akipanda kwenda kwake, Nguchiro alimngoja njiani.

"Shikamoo, Bwana Katibu."

"Marahaba, kijana."

"Ni kweli tunahamishwa? Mke wangu alijifungua Alhamisi iliyopita, watoto wanne, hata macho hawajafumbua. Mto umefurika. Nitawavushaje? Nikiwaacha, nani atawalinda na nyoka?"

Pimbi alijikuna shingo. "Siku ulipoandikishwa nilikuambia nini?"

"Ulinisomea kanuni, kwamba mchezaji hahamishwi kabla ya kuulizwa."

"Nawe umeulizwa?"

"Niulizwe na nani, Bwana Katibu? Mimi nimesikia kwa Kanga. Kanga amesikia kwa shemeji yake. Shemeji yake amesikia kisimani."

Pimbi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kanuni ile, ya sita, aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, tarehe tatu Mfungo Pili ya mwaka jana, na Kiboko alikuwa ameikanyagia alama ya unyayo bila kuisoma, kama alivyokanyagia kila karatasi.

Jumatano asubuhi akamfuata Kiboko mtoni. "Mzee, nimekuletea kanuni ya sita."

"Niletee sabuni," alisema Kiboko, akazama. Bulu-bulu-bulu!

Pimbi alisimama ukingoni. Alitaka kulia, kucheka na kumng'ata mtu, yote kwa pamoja. Angoje mzee aibuke? Akiibuka atazama tena. Miaka saba ya ukatibu ilikuwa imemfunza kwamba mkubwa asiyetaka kusikia ana maji ya kutosha ya kujifichia.

Basi akapanda juu ya jabali lililotazama ng'ambo, akakaa kuwaangalia Ng'ambo wakifanya mazoezi. Kama kweli huyo Kifaru ni ukuta, alijisemea, angalau nimwone kwa macho yangu.

Kifaru alisimama mbele ya goli, mkubwa kama ghala. Mgongoni kwake walikaa ndege wawili wenye midomo myekundu, wale waitwao askari wa kifaru, ambao kazi yao tangu enzi ni kumtoa kupe. Lakini siku hiyo Pimbi aliwasikia wakifanya kazi nyingine.

"Kulia, Bwana Mkubwa! Kulia kidogo! Anakuja! Sasa, paa!"

Na Kifaru akapiga kwato, paa! Mpira ukaruka mpaka vichakani.

"Kushoto! Ngoja... ngoja... paa!"

Baadaye ng'ombe mmoja alipita karibu, na ndege wale wakamwendea kupekua kupe. Kifaru akabaki peke yake. Akanusa upepo. Akainamisha pembe. Akatimua mbio, vu-vu-vu-vu, akakikaba kichuguu mpaka kikapasuka.

"Samahani, ndugu," Kifaru alikiambia kichuguu. "Ila uliingia vibaya."

Pimbi alikaa kitako. Kumbe! Misimu minne watu walimsifu Kifaru, na waliocheza ni watoa kupe. Yeye mwenyewe haoni hatua kumi mbele yake.

Akawaza kukimbilia kamati. Halafu akawaza jinsi watakavyosema: katibu ameanza tena. Hapana. Wale hawatasikia, labda wataona. Lakini siku ya majaribio ndege wale hawatauacha mgongo ule, na nani atawatoa?

Hapo ndipo alipoikumbuka mila ya mlango wa nyuma.

Wajukuu zangu, jueni kwamba Mikwajuni walipofungwa mabao sita, tarehe kumi na saba Shaabani, Mwaka wa Nzige wenyewe, Mzee Kiboko hakulaumu uzembe wa mtu. Alisema mlango wa uwanja umefukiwa uchawi. Tangu siku hiyo hakuna mchezaji aliyeingia kwa mlango. Wote walipita kwenye pengo la ua upande wa nyuma, kinyumenyume, huku wakifukizwa moshi wa ubani na majani mabichi mpaka machozi yawatoke. Pimbi aliichukia mila hiyo. Mara tatu aliandika barua kuomba iondolewe. Mara tatu Kiboko alizikalia barua zake, kwa maana ya kukalia kweli.

Alhamisi Pimbi akaenda kwa mwenyekiti, uso ameukunja kwa toba.

"Mzee, nimekuja kukiri. Nimemwona Kifaru. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani."

"Aha!" Kiboko alipanua kinywa kwa furaha. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Hofu yangu sasa ni nyingine. Mchezaji wa thamani hii anatoka kwa mahasimu wetu. Je, kama wamempaka kitu? Nadhani mafusho ya kawaida hayatoshi. Lakini labda nimekosea, mila hizi mimi huwa sizielewi vizuri."

"Kweli huzielewi!" Kiboko alisimama. "Nyati! Kesho mafusho mara tatu!"

"Nimekubali, Mzee!"

"Hujui mara tatu ya nini."

"Hata mara nne, Mzee."

Ijumaa ikafika. Bonde zima lilijaa uwanjani. Nguchiro, Digidigi na Kanga walisimama pembeni, na vifurushi vyao miguuni. Mke wa Nguchiro alikuwa amewabeba watoto wanne ndani ya kikapu, hakutazama mtu.

Kifaru alipofika kwenye pengo la ua, ndege wake mgongoni, alikuta chungu kinafuka kama nyumba inayoungua. Nyati alikuwa akipepea kwa jani la mgomba, pe-pe-pe-pe.

"Kwaa! Haya ya nini?" Kunguru alipiga makelele. "Mteja wangu ana kifua! Hahitaji moshi!"

Pimbi aliinama kwa adabu. "Mzee Mwenyekiti, dalali anaomba mila irukwe. Niandike kwamba imerukwa?"

Kiboko alimgeukia Kunguru polepole. "Misimu minne hajapitwa, na leo ana kifua? Au kuna kitu mnachoogopa mafusho yatakifichua?"

"Mimi? Hapana, Mzee! Hapana kabisa!"

"Basi apite. Kinyumenyume. Nyati, ongeza majani!"

Moshi ukatanda. Kifaru akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua. "Koh! Koh! Koh!" walikohoa ndege. "Bwana Mkubwa, tunakufa!" Puruuu! Wakaruka, wakatokomea kwenye mti wa mbali, machozi yakiwatiririka.

"Vijana?" aliita Kifaru, alipokwisha kuingia. "Vijana wangu mko wapi? Jamani?"

"Anaita wachezaji wenzake," Kiboko alimweleza Nyati kwa kuridhika. "Huyo ni kiongozi."

Nguchiro akaambiwa achukue mpira amjaribu. "Usimwogope," alisema Kiboko, "ila ukiumia, usituletee lawama."

Nguchiro alimtazama mkewe. Akausogeza mpira kwa mguu wa kushoto, taratibu. Kifaru hakutikisika. Akausogeza tena, akamzunguka. Kifaru alikuwa akitazama kwa ukali mkubwa upande wa kisima. Nguchiro akapiga. Goli!

Mashabiki wakatazamana.

"Anamsoma kwanza," Kiboko alisema.

Mara ya pili Nguchiro hakuzunguka. Aliupitisha mpira katikati ya miguu ya Kifaru, kisha akapita yeye mwenyewe humo humo.

"Tobooo!" walipiga kelele mashabiki.

"Amepita?" aliuliza Kifaru. "Nani amepita? Amepitia wapi?"

Mara ya tatu Kifaru aliona aibu inamzidi. Akanusa upepo, nao upepo ulitoka jukwaani walikokaa wakubwa, ukiwa umebeba harufu ya tope la mtoni. Akainamisha pembe. Vu-vu-vu-vu-vu!

"Mzee, ondoka!" alipiga yowe Pimbi.

"Niondoke kwa nini? Huyo ni beki wan..."

Paaa! Meza, viti, mwenyekiti na msaidizi wake walipaa pamoja na kuangukia shamba la viazi.

"Nimemkaba!" alinguruma Kifaru.

"Umenikaba mimi!" alilia Kiboko kutoka viazini.

"Basi uliingia vibaya, ndugu."

Wakati huo ndege wawili walirudi, wakipenga kamasi. "Bwana Mkubwa, tusamehe, ule moshi! Tumekosa mangapi? Uko salama? Geuka kulia, hilo ni jukwaa!"

Kila mtu alisikia. Kunguru alianza kutazama mawingu.

Kiboko akainuka, majani ya viazi yamemning'inia masikioni. Alikohoa. Akasema kwa sauti ya wazi, "Tangu mwanzo mimi nilikuwa na mashaka na Kifaru huyu. Nyati ni shahidi."

"Nimekubali, Mzee," alisema Nyati kutoka chini ya kiti.

Pimbi alifumba macho akahesabu mpaka kumi. Kisha akafungua daftari. "Yaandikwe, Mzee. Na kanuni ya sita itekelezwe. Muulize Nguchiro."

"Nimuulize nini?"

"Kama anataka kuhama."

"Lakini si hahami tena!"

"Mzee. Muulize."

Kiboko alijikung'uta udongo. "Nguchiro, unataka kuhama?"

"Sitaki, Mzee Mwenyekiti."

"Na ninyi?"

"Hatutaki!" walisema Digidigi na Kanga kwa pamoja.

"Andika. Hawataki." Naye Pimbi akaandika: Ijumaa, tarehe kumi na mbili Mfungo Tano, saa kumi na nusu alasiri. Mke wa Nguchiro alikwisha kugeuza kikapu, anarudi zake nyumbani, mbio, kabla wakubwa hawajabadili mawazo.

Wala hakukosea kukimbia. Wino haujakauka, Kunguru alimsogelea Kiboko, akamnong'oneza sikioni, "Mzee, la beki tuliache. Umewahi kusikia habari za kipa mmoja, Twiga? Hajafungwa mpira wa juu maisha yake yote."

"Wa juu?" macho ya Kiboko yaling'aa. "Nyati, umesikia?"

"Nimekubali, Mzee!"

"Na wa chini je?" aliuliza Pimbi.

Kiboko alikwisha kumuuliza Kunguru bei. Pimbi akaupindua ukurasa, akaandika tarehe upya.

Hadithi imefika ukingoni, nayo inawaachia neno moja, wajukuu zangu: kabla hujatoa vyako kwa ajili ya mwenye sifa, mtazame kwanza siku asiyokuwa na wasaidizi wake.